Hesabu Mlangoni

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimedhalilishwa na karatasi. Karatasi moja! Mimi, niliyevuka mipaka saba na lori la tani thelathini, niliyewahi kumwambia ofisa wa forodha ahesabu magunia mwenyewe kama ana haraka, leo nimesimama mlangoni pa ofisi yangu nimeshika gundi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Habari yenyewe ni hii. Chama chetu kinaazimisha viti vya magurudumu kwa wasioweza kutembea. Mimi ndiye mwenyekiti, na mwanzilishi pia. Wafadhili wameahidi viti vipya thelathini. Thelathini! Lakini barua yao ina sharti. Hesabu za mwaka zibandikwe mlangoni siku saba, kila mpita njia azisome. Pembeni itundikwe penseli kwa kamba. Mwenye swali aliandike. Jumapili ni mkutano, maswali yajibiwe mbele ya watu. Swali moja likikosa jibu, viti vinakwenda kwa chama cha ng'ambo ya mto, chama cha yule ninayemwita Bwana Tai, kwa sababu huvaa tai hata akienda kununua chumvi.

Uwazi, wanasema. Uwajibikaji. Maneno marefu kama treni ya mizigo, ukifungua mabehewa hakuna kitu. Mtu mwenye akili timamu huweka hesabu zake mvunguni. Hata kuku akitaka kutaga hutafuta pembe.

Mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Namwita Bibi Rula, lakini si mbele yake. Yeye kaisifu barua. Nilijua tu. Mwanamke yule ukimpa peremende anakuandikia risiti. Kaibandika karatasi, kaitazama kwa mbali, kisha kaipima kwa rula isije ikawa imeinama.

Sasa siri. Naliambia daftari hili peke yake. Kwenye karatasi ile kuna mistari miwili niliyoitaja mimi na kuitia saini, naye akaiandika huku ananitazama juu ya miwani. Mafuta ya gari la chama, elfu mia tatu na sitini. Mshahara wa mlinzi, miezi kumi na moja, elfu mia mbili na ishirini.

Chama hakina gari. Wala mlinzi.

Lakini sikula! Tuelewane. Fedha zile niliwapa watu. Muuza mkaa alifiwa na mama yake. Kinyozi alipasukiwa na kioo. Mtu anakuja na machozi hadi kidevuni, nimwambie nini? Kwamba fedha ni za viti tu, akavunje mguu kwanza ndipo arudi? Wafadhili hawataki fedha zitolewe mkononi. Basi nikazivisha nguo. Nyingine nikazivisha mafuta, nyingine nikazivisha mlinzi. Msaada wenye risiti si msaada, ni biashara.

Upo na mstari wa tatu, vifaa vya ofisi, elfu tisini. Hiyo ni picha yangu. Nilichorwa na mchora mabango juu ya ubao mnene, futi nane kwa nne, nimenyoosha kidole mbele. Ofisi isiyo na picha ya mwenyekiti ni stoo.

Sina wasiwasi. Nani atasoma? Watu wa mtaa huu hawasomi hata bei.

Jumanne, 4 Machi

Wamesoma.

Kinyozi ana duka mkabala na ofisi yetu. Asubuhi hana wateja, na mkono usio na kazi ni mkono wa shetani. Kasoma karatasi yote kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na alipofika kwenye mafuta akarudia. Saa tatu penseli ilikuwa imeshafanya kazi. Mtu kaandika: "Gari gani?" Chini yake mwandiko mwingine: "Rangi gani?" Na wa tatu, mwenye dharau: "Aliyewahi kulipanda anyooshe mkono."

Nilisubiri kinyozi aende kula, nikaichomoa penseli. Kamba nikaiacha, ionekane imekatika yenyewe. Kazi safi! Niliporudi saa tisa palikuwa na kalamu tatu, moja imefungwa kwa kamba ya kiatu. Kamba ya kiatu naijua. Ni ya kinyozi. Siku nzima kavaa kiatu kimoja kikipwaya, na kila nikimtazama ananipungia mkono, ananiita mkubwa.

Jioni kapita Mama Cherehani, fundi wa nguo. Miguu yake haifanyi kazi tangu utotoni, na kiti chetu alichoazimwa kilivunjika ekseli mwezi wa Desemba. Siku hizi muuza mkaa anambeba kwenye mkokoteni, juu ya magunia. Wiki iliyopita kafika kibandani na gauni jeupe la harusi mapajani, limepigwa vumbi la mkaa. Bibi harusi kalitazama, kadai fedha zake, kaondoka. Ni mteja wa tatu. Akimpoteza wa nne hana kodi ya kibanda.

Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha ya viti vipya. Kaniuliza akiwa barabarani, maana ofisi yetu ina ngazi tatu, kama viti vitakuja kweli. Nikamwambia asiwe na shaka, anayesema ni mimi. Akanijibu kwamba Desemba pia aliyesema ni mimi. Akamwambia muuza mkaa twende baba, hapa tutakutwa na giza bure.

Iliniuma. Sijui kwa nini watu hawaniamini. Labda ni urefu wangu.

Jumatano, 5 Machi

Wanataka gari? Nimewapa gari!

Fundi magari ana mzoga mmoja uwanjani kwake, wa bluu, umelala juu ya matofali tangu mvua za mwaka juzi. Nimemwomba niuazime siku tano. Kashangaa kwamba kuna binadamu anayeutaka. Nimetafuta wanaume sita wa kuusukuma, na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akawa msimamizi. Shemeji anakaa kwangu, anakula kwangu, na kazi yake ni kulala na kugeuka upande wa pili. Leo kasimamia kwa moyo wote. Hakugusa gari hata kwa kidole.

Tumeliegesha mbele ya ofisi. Nimelipangusa vioo, vile vilivyopo. Nikasimama kando yake, mkono juu ya paa, kama siku zile za lori. Watu wakajaa. Nikatangaza kwamba hili ndilo gari la chama, na waandishi wa maswali sasa wafute ujinga wao.

Kinyozi hana adabu. Kaja na kitambaa bado begani, kamwacha mteja nusu kichwa, kafungua boneti.

Ndani hamna injini. Mna kuku. Amelalia mayai tisa, na alivyonitazama ungedhani mimi ndiye mwizi.

Maswali ya jioni: "Gari halina injini. Mafuta linanyweshwa wapi?" Na chini: "Kuku naye ni mwanachama?" Na kwa mwandiko mzuri sana, wa mtu aliyesoma: "Mayai yaingizwe kwenye mapato."

Mke wangu kanipa chai bila sukari. Kasema ameolewa na dereva aliyevuka mipaka saba, kumbe wa nane ulikuwa mpaka wa akili, nao kauvuka. Nimemwambia wakubwa wote walichekwa kwanza. Kauliza wakubwa gani, na mimi nipo katika ukoo upi wao.

Alhamisi, 6 Machi

Gari limeshindwa, mlinzi hatashindwa. Swali lao ni fupi: "Mlinzi ni nani?" Jibu langu ni fupi zaidi. Shemeji.

Nimempa koti langu la safari, rungu na kiti. Kauliza atafanya nini. Nikamwambia akae, asifanye lolote, yaani aendelee na taaluma yake. Kaenda kwa furaha. Nikawaonyesha watu: mlinzi huyo! Kinyozi kasema hajawahi kumwona. Nikamjibu kwamba mlinzi mzuri haonekani. Hapo nilimweza. Karudi dukani kwake, nami nikaifurahia kila hatua yake.

Kosa langu ni moja. Nilisahau kwamba shemeji anajua kusoma.

Saa saba kainuka kitini, kanyoosha mgongo, kasoma karatasi. Kaingia ofisini na rungu. Kasema ndiyo kwanza anapata habari kwamba ameajiriwa miezi kumi na moja, na mshahara umetoka, umeandikwa mlangoni, kila mtu kauona isipokuwa mfuko wake. Anataka elfu mia mbili na ishirini. Ikiwezekana leo, kwa sababu ameshaanza kuona viatu.

Nimemwambia ni mambo ya karatasi tu. Kaniuliza kama wafadhili nao wanajua kwamba ni mambo ya karatasi tu, ama akawaulize Jumapili.

Nyoka! Wali nimpe mimi, sumu anitemee mimi!

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mke wangu kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Kataka kujua nimefanya nini na mshahara wa mdogo wake, mtoto wa watu aliyekesha nje miezi kumi na moja kwa baridi. Nikamkumbusha kwamba miezi yote hiyo mdogo wake alilala sebuleni kwetu, na mkoromo wake tuliusikia wote. Kasema hayo ni mambo mengine, yeye anazungumzia kilichoandikwa.

Kilichoandikwa! Karatasi imeingia mpaka chumbani mwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Usingizi ulinijia na wazo. Kama watu hawataki kuacha kusoma, basi wasione cha kusoma. Nimeipigilia picha yangu mlangoni, misumari minane, juu ya karatasi. Futi nane kwa nne! Mlango wenyewe umekaribia kupotea. Nikiulizwa, nitasema ni mapambo ya kuwakaribisha wafadhili. Anayetaka kuingia apite dirishani, mimi mwenyewe nimepita.

Dakika ishirini za amani. Kisha nikasikia mkokoteni.

Mama Cherehani kasema amekuja kusoma. Toka Jumatatu anasimuliwa tu, leo kaamua ajionee, kaishia kukutana na pua yangu. Kasema uso huu tunaujua miaka tisa, kilichotuleta ni hesabu. Watu wakaanza kusogea. Nikatafuta neno la hekima. Nikasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bibi Rula, ambaye alikuwa amefika na mkoba wake, akauliza nimekusudia kipi kati ya hivyo viwili.

Akatoa koleo mkobani. Mwanamke gani anatembea na koleo? Kang'oa misumari saba, mmoja ukakatikia ndani ya sikio langu, nikimaanisha sikio la picha. Kakokota ubao kando kama mzoga wa mbuzi. Akaibandua karatasi mlangoni, akashuka nayo ngazi, akaibandika ukutani chini kabisa, kimo cha mtu aliyekaa. Kapima kwa rula. Kasema barua ilisema kila mpita njia, na si wote wanapita kwa miguu.

Mama Cherehani kasoma bila haraka. Akaomba kalamu. Akaandika muda mrefu, mimi nikijua ni matusi, na majibu ya matusi ninayo ya lugha tano. Alipoondoka nikainama nisome.

"Chama cha viti vya magurudumu kina ngazi tatu. Mwenye kiti anaingiaje?"

Nikacheka. Nilipogeuka nikakuta nacheka peke yangu.

Miaka tisa! Waazimaji wetu wote tunawahudumia barabarani, kama wanunua maji. Sikuwahi kuliona hilo. Hata Bibi Rula hakuliona, na nilifurahi kumwona ameshika shavu. Lakini swali hilo halivaliki nguo. Gari unaweza kuazima, mlinzi unaweza kumwamsha. Ngazi zipo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya maandalizi. Vita hushindwa nyumbani, si uwanjani. Au ni kinyume chake.

Nimeamua kutafuta mashahidi. Nikaenda kwa muuza mkaa. Mipango ilikuwa rahisi: asimame kesho aseme kwamba siku ya mazishi ya mama yake gari la chama lilimpeleka na kumrudisha. Hapo mafuta yanapata mwenyewe. Kaniambia alikwenda kwa miguu na mtaa mzima ulimwona, wengine walikuwa wamebeba jeneza. Nikamwambia kumbukumbu ya mfiwa haiaminiki. Kaendelea kupanga mkaa. Kisha kasema, bila kunitazama, kwamba ananishukuru kwa kile kilichomfikia.

Kilichomfikia. Maneno ya ajabu. Nikadhani ni majonzi, nikamsamehe.

Nimejaribu kuwapitia na wengine, kumwomba kila mmoja afunge mdomo tu. Wamekubali wote upesi mno. Yaelekea kila mmoja anaona haya kwamba alipewa, na kila mmoja anadhani alipewa peke yake. Siri ya watu kumi na tisa, na hakuna hata mmoja anayejua wa pili! Watu wanasema mimi sina mpangilio.

Kwenye kioo nimefanya mazoezi ya majibu. La gari: limo kwenye matengenezo. La mlinzi: suala la kifamilia. La ngazi: mazoezi ya viungo. Hapana, hilo nimelifuta. Nimebaki na jibu moja la akiba, kubwa, linalohusu mafuriko yaliyochukua mafaili. Hatujapata mafuriko. Lakini anga lina mawingu.

Jumapili, 9 Machi

Niandike yakiwa moto.

Mkutano umefanyika nje, kwa sababu ya ngazi. Bibi Rula kalitangaza hilo kwa sauti kubwa kuliko lilivyostahili. Kaleta ubao wake wa chaki. Bwana Tai kaja kutoka ng'ambo, kaketi mbele kabisa kama mrithi kando ya kitanda cha mgonjwa. Mimi nilivaa suti kwa ajili ya mtu wa wafadhili mwenye suti. Kumbe wamemtuma binti mmoja, kaja kwa miguu, raba zina vumbi, penseli sikioni. Suti imepotea bure.

Gari. Nikajibu kwamba limo kwenye matengenezo. Kinyozi kauliza linatengenezwa nini, manyoya? Watu wakaanguka kwa kicheko.

Mlinzi. Sijafungua mdomo, shemeji kasimama na rungu. Kasema mlinzi ni yeye, koti hili hapa, rungu hili hapa, mshahara haupo hapa. Binti kanigeukia. Kauliza kwa upole, upole ule wa mng'oa meno: kama mlinzi hajalipwa, fedha ziko wapi?

Bwana Tai akakaza tai. Mama Cherehani, juu ya mkokoteni, akafumba macho. Angenitazama kwa hasira ningeweza kuvumilia. Alifumba tu, taratibu, kama mtu anayefunga duka.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya mafuriko. Ndipo kinyozi akapaza sauti: "Amekula!"

Mimi? Nimekula? Damu ilipanda mpaka kwenye kofia. Mnipakaze mengine yote, lakini kula! Nikamuuliza mbele ya kadamnasi: kioo chako kilipopasuka, ukaja kulia ofisini mpaka kamasi ikagusa meza yangu, ni nani aliyekupa elfu thelathini mkononi, bila karatasi, bila shahidi?

Kinyozi akajipangusa pua. Mtu mwingine angeona haya. Yeye kasema kioo kilikuwa cha elfu arobaini na tano, kumi na tano alijazia mwenyewe, na kama fedha zilikuwepo mbona nilimpunja?

Pakawaka moto. Muuza mayai kasimama, kasema kumbe kioo kilipewa thelathini na jicho lake, jicho la binadamu lililopasuliwa hospitalini, lilipewa kumi na tano! Mlinda choo akasema heri yao, yeye nyumba iliungua akapewa ishirini na pole. Wakawa wanasimama mmoja mmoja, kila mtu akitaja alichopata ili alalamike. Watu kumi na tisa! Hakuna aliyeshukuru. Hakuna hata mmoja! Na Bibi Rula akatoa mkobani daftari la pili, akawa anaweka alama ya vema. Alikuwa nao wote. Kumbe kila mmoja alishapita kwake kwa siri, kunung'unika. Kasema yeye huandika mwenyekiti anachotia saini, lakini hakuna sheria inayomkataza kuandika na ukweli pia, pembeni.

Akajumlisha ubaoni. Elfu mia tano na sitini. Binti akajumlisha mafuta na mlinzi. Mia tano na themanini. Ishirini hazipo.

Macho yote kwangu. Nikaapa kwa lori langu. Nikasema niliwapa wote, na muuza mkaa ndiye aliyepata nyingi, sitini nzima, maana mama ni mama.

Muuza mkaa akanyoosha mkono mweusi. Kasema arobaini, mkubwa. Alizihesabu mara mbili, siku ile hakuwa na kazi nyingine.

Binti kauliza nani alizipeleka. Nilikuwa nimezitia katika bahasha, nikamtuma shemeji.

Tukageuka wote. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu, koti limetupwa juu yake, rungu chini. Mlinzi wa kwanza duniani kukimbia lindo analodai mshahara wake! Mke wangu kajifunika uso kwa upande wa khanga.

Binti kaandika kitambo. Kisha kasema. Kutoa fedha mkononi ni kosa. Kuzificha ni kosa kubwa zaidi. Lakini sasa kila senti inajulikana ilikokwenda. Shemeji arudishe ishirini. Mimi nisiguse tena fedha wala kutia saini, kazi hiyo ni ya mweka hazina. Karatasi iandikwe upya kwa ukweli, ikae siku saba nyingine. Nikapumua. Bwana Tai akalegeza tai.

Kumbe bado. Limebaki swali moja, kasema. Ngazi.

Hata mafuriko hayakufaa. Nikamwona Mama Cherehani amefumbua macho, anamtazama binti, si mimi. Nikamtazama Bibi Rula. Yeye anatazama ukutani, ilipoegemezwa picha yangu.

Kauchukua ubao ule wa picha. Muuza mkaa akashika upande wa pili. Wakaulaza juu ya ngazi, uso juu. Mwazimaji mmoja mwenye kiti akasukumwa. Akapanda juu ya kifua changu, juu ya kidevu, juu ya paji la uso, akaingia ofisini. Miaka tisa, na alikuwa wa kwanza! Kasema ndani kumbe kuna meza.

Watu wakapiga makofi. Binti akaandika: limejibiwa. Kisha akaniambia fundi seremala angeuza ubao kama huo kwa elfu ishirini. Kwa hiyo kwenye zile tisini, ishirini ni vifaa vya ofisi, sabini ni uso. Za uso nizilipe mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Viti vimekuja! Thelathini, vyeusi, vinanukia mpira mpya. Nimevipokea kwa hotuba. Bibi Rula alikuwa anahesabu kwa sauti wakati nahutubia, lakini nilimzidi.

Mama Cherehani kachukua cha kwanza. Kajisukuma mwenyewe mpaka ofisini kutia saini, gurudumu likapumzika kidogo juu ya pua yangu. Mapajani ana gauni jeupe, jeupe kabisa, la mteja mpya. Nikasubiri shukrani. Kasema kuna msumari umebaki kwenye sikio, niung'oe, utamtoboa mpira. Nikaung'oa. Kashuka kwa kasi, kawapita wanaume wawili barabarani, kawapigia kelele wasogee.

Nilisimama pale nimeshika msumari. Nikaupangusa kwa shati, mara mbili. Vumbi.

Nimetafakari sana mambo haya, nami nimefikia mwisho wake. Viti vimekuja kwa sababu gani? Kwa sababu ya mkutano. Na mkutano ulinoga kwa sababu gani? Kwa sababu ya gari, mlinzi na picha. Vyote vyangu! Na sasa hakuna anayeingia katika chama kile bila kupita juu yangu. Nani mwenye heshima kama hiyo?

Jana Bwana Tai kaja kuniuliza, tai mkononi, tulifanyaje wafadhili wakaridhika, maana na wao wameletewa barua ile ile ya kubandika. Kumbe elimu hii inatafutwa! Nimemwambia bei nitamtajia.

Kwa hiyo leo nimeanzisha chama kipya. Kitavifundisha vyama vingine uwazi. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni shemeji, kesharudisha elfu tano kati ya zile ishirini, na mtu anayerudisha ni mtu wa kuaminika. Muhuri nimeshachonga. Nimemwendea mchora mabango, safari hii picha itakuwa ya ukutani, upande kwa upande, ambayo haing'oki kwa koleo.

Na bajeti nimeianza mwenyewe, kwa mkono wangu. Mstari wa kwanza: mafuta ya gari.

Gari nitaazima lenye injini. Nani kasema sijifunzi?